Video Isiyokuwa na Mbuzi

Siku hizi kijana wa kwetu akitaka kazi Diani haandiki barua. Hujirekodi. Esha, binti wa jirani yetu hapa Msambweni, alijirekodi akitembea mchangani na rundo la sahani juu ya mkono mmoja, akaitwa na hoteli kabla hata mama yake hajajua kwamba sahani zake zimetoka nje. Kijana mwingine alijirekodi akizibua choo huku akitabasamu, naye akapata kazi ya bomba. Barua za kupeleka kwa mkono hufungiwa karanga, hilo kila mtu analijua, kwa hiyo vijana wamehamia kwenye simu na mimi siwalaumu. Ninaowalaumu nitawataja.

Hashim alikuwa kitinda mimba wa mama yetu. Alimaliza kidato cha nne akakaa nyumbani, ingawa kukaa kwake hakukuwa kwa kukunja mikono. Baba yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa mchinjaji, na Hashim alirithi visu vyake. Ilikuwa harusi, ilikuwa hitima, ilikuwa akika ya mtoto, aliyeitwa ni yeye. Mimi, Zulekha, dada yake, ndiye niliyekuwa nikimshikia miguu ya mnyama, kama nilivyomshikia baba kabla yake. Lakini kuchinja akika si ajira. Unapewa kipande cha nyama na dua nyingi, na dua hazinunui sabuni.

Basi naye akajirekodi. Alisimamisha simu juu ya kinu uani, akamchinja mbuzi wa hitima ya jirani mwanzo hadi mwisho, kazi safi, akaiweka video kwenye TikTok. Haikukaa. Waliifuta na kumwandikia kwamba ameonyesha ukatili kwa wanyama. Maneno hayo yalimuuma sana.

"Ukatili gani, dada?" aliniuliza. "Hakulia hata mara moja."

Akaweka nyingine, wakaifuta, na mara hii wakamwonya kwamba akirudia watamfungia. Hapo ndipo alipopata akili yake mpya. Alikaa kizingitini na simu yake akamkata mbuzi, kwa maana alimtoa kwenye video. Kilichobaki ni Hashim peke yake: amevaa fulana na kikoi, damu imemfika viwikoni, kisu kirefu mkononi. Anakifuta kwa jani la mgomba, anatazama simu, anacheka. Chini yake kuna jina lake, Msambweni, namba yake ya simu, na maneno kwamba yuko tayari kufika popote Ukunda na Diani. Hiyo hawakuifuta.

"Hashim," nilimwambia, "mbuzi yuko wapi?"

"Nimemtoa. Si wanafuta?"

"Na anayetazama atajuaje kwamba kulikuwa na mbuzi?"

"Dada, Mwislamu yeyote wa Pwani akiona kisu kile na jani la mgomba atajua. Nani asiyejua kazi ya kisu kile?"

"Umebaki kama jini mnywa damu," nilimwambia, tukacheka wote wawili, na mama akatuuliza kutoka jikoni tunacheka nini.

Hayo yalikuwa kabla Ukunda haijachafuka. Baadaye likazuka lile genge la vijana wenye mapanga. Walikuwa wakivamia vibanda na maduka mchana kweupe, na mtu akishawapa simu na kila alichonacho, walimkata hata hivyo. Walimkata mwanamke aliyekuwa akiuza viazi. Walimkata kijana wa kibanda cha kutuma pesa, wakamwachia sikio moja. Watu wakawa hawalali, na mtu asiyelala hutafuta wa kumlaumu. Kila kundi la WhatsApp lilijaa picha za vijana wanaodaiwa kuwa ndio wao. Ukipigwa picha umenuna tu, umeshakuwa wa genge. Sisi Msambweni tulizisikia habari hizo kama mtu anavyosikia mvua ya kijiji cha pili.

Siku hizo hizo ndipo simu ya Hashim ilipoita. Aliyepiga alijitaja kuwa Johnstone, msaidizi wa mpishi katika hoteli moja ya ufukweni, kijana wa kutoka bara. Hashim aliweka sauti kubwa ili nami nisikie.

"Bro, niliona clip yako," alisema. "Wikendi tuko na harusi ya Waislamu, watu wengi, na wamesema nyama lazima ichinjwe hapa hapa wakiona. Chef anatafuta mtu anajua hiyo kazi. Akikupenda unabaki. Si kibarua, ni job ya kudumu. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, kaka," Hashim alisema. "Inshallah nitafika mapema."

"Poa. Kuja na vifaa zako."

Alipokata simu Hashim hakuruka wala hakupiga kelele. Aliketi akanitazama, macho yamejaa machozi. Miaka aliyokaa akichekwa na wenzake waliopata vibarua ilimtoka pale pale. Alivinoa visu vya baba siku ile ile, kwa kuwa kwetu kisu hakinolewi mbele ya mnyama, akavifunga kwenye gunia. Alipiga pasi shati lake la Idi. Akaniomba tufuatane.

"Siwezi kushikiwa miguu na mtu nisiyemjua siku kama hii," alisema.

Nami nilitaka kumwona akipita kwenye lango lile.

Jumamosi asubuhi tulishuka Ukunda na kwenda kwenye steji ya bodaboda ili tupelekwe ufukweni. Palikuwa na waendesha pikipiki wengi, wamekaa juu ya pikipiki zao, simu mikononi. Hashim akatoa salamu.

"Assalaam alaykum."

Hakuna aliyeitika. Kwetu mtu hutukanwa, hudaiwa, hupigiwa kelele, lakini salamu huitikiwa. Kijana mmoja alimtazama Hashim, akaitazama simu yake, akamtazama tena Hashim. Akamwonyesha mwenzake.

"Ndiye," alisema. "Ndiye huyu wa damu."

Hashim akafurahi. Alidhani wameiona kazi yake. "Ndiye mimi," alisema, na alisema huku anacheka, cheko lile lile la kwenye video.

Kofi la kwanza lilimkuta bado anacheka. Gunia likavutwa, likafunguka, visu vya baba vikaanguka barabarani vikalia, na kile kirefu kikaanguka juu ya vingine. Nimewahi kusikia kelele za watu wakishangilia mpira. Zilikuwa kelele zile zile. Mtu akapiga ukelele kwamba wa mapanga amekamatwa, na watu wakatoka kila upande: wauza mboga, mafundi, wanawake na watoto mgongoni, wa bara na wa Pwani, wanaoelewana mara moja kwa mwaka na siku yenyewe ikawa ile. Wahenga wanasema penye wengi hapaharibiki neno. Ningependa kumwona mhenga huyo amesimama pale stejini asubuhi ile.

Walimpiga ngumi mpaka akaanguka. Alipoanguka wakampiga mateke. Jiwe lilimpata kwenye nyusi, macho yake yote mawili yakajaa damu, akawa anageuza kichwa akinitafuta.

"Mimi ni mchinjaji," alikuwa akisema. "Ni mchinjaji mimi. Muulizeni dada yangu."

Nilimwuma mkono mtu aliyekuwa amemshika nywele. Nilimwuma mpaka nikaionja damu yake, na sijutii. Alinipiga ngumi ya mdomo jino likatoka. Nikamrudia mwingine kwa kucha, nikasukumwa, nikaanguka juu ya moto wa mama wa mihogo, nikainuka. Nilipiga kelele kwamba ni ndugu yangu, ni mchinjaji wa Msambweni, video ilikuwa na mbuzi, mbuzi ametolewa. Sikilizeni maneno hayo jinsi yalivyo. Hata mimi nilipoyasikia yakitoka mdomoni niliona hayatamwokoa mtu.

"Mbuzi ametolewa," mwanamke mmoja alinirudishia, akacheka. Alikuwa ameinua simu yake anarekodi. Simu zilikuwa nyingi kuliko mawe.

Ndipo akaja Salimu. Huyu alikuwa mwenyekiti wa steji, mtu wa Tiwi, mrefu, wa swala tano, alama ya sijida iko kwenye paji. Yule kijana wa kibanda aliyeachiwa sikio moja alikuwa mdogo wake wa tumbo moja. Alikuja na nondo. Watu walimpisha.

"Mkono upi ulioshika panga?" aliuliza.

"Wallahi si mimi, kaka," Hashim alisema. "Kamuulize mdogo wako. Mlete anitazame."

"Mdogo wangu hatoki ndani. Mnyoosheni mkono."

Wawili wakamkanyaga bega, wakamnyoosha mkono wa kulia juu ya ukingo wa barabara. Salimu akaishusha nondo mara moja juu ya kiganja, akapiga tena. Nilisikia mifupa. Ndugu yangu alipiga ukelele niliokuwa sijawahi kuusikia kwake tangu azaliwe, na mimi ndiye niliyembeba mgongoni. Salimu akainua tena nondo, safari hii akampiga mbavuni, na Hashim akakohoa damu.

"Mpigieni Johnstone," Hashim alisema kwa shida. "Namba ipo. Ndiye aliyeniita kazini."

Nakiri Salimu alitaka kujua ukweli. Aliichukua simu, akapiga, akaweka sauti kubwa, akainua mkono watu wanyamaze. Johnstone aliipokea pale pale.

"Bro, uko wapi? Chef ananiuliza."

"Mimi si huyo unayemtaka," Salimu alisema. "Mimi ni mwenyekiti wa steji hapa Ukunda. Tumemkamata kijana na visu, ni yule wa video ya damu. Anasema wewe ndiye uliyemwita. Unamjua?"

Tulisikia masufuria. Tulisikia mtu akiimba mbali, jikoni kwao. Tulimsikia Johnstone akivuta pumzi.

"Anamjua," mtu alipayuka. "Naye tumfuate huko huko hotelini."

"Hapana," Johnstone alisema. "Mimi simjui huyo mtu. Hiyo ni wrong number, boss." Akakata.

Nimeambiwa baadaye kwamba alilia jikoni mpaka akatolewa nje. Na alie.

Baada ya hapo hapakuwa na kuuliza tena. Tairi lilitoka wapi sijui. Ukunda ukitafuta maji unaweza kukosa, lakini tairi la kumchomea mtu halikosekani. Walimvisha shingoni, likamshuka mpaka mabegani, mkono wake uliovunjika ukabanwa ndani akapiga ukelele tena. Kijana mmoja aliingiza mpira kwenye tangi la pikipiki yake, akafyonza, akatema, akakinga petroli kwenye chupa ya soda. Alifanya kwa utaratibu, asimwage. Nilimshika miguu, nikambusu viatu, nikamwita mwanangu. Aliniomba nisogee nisije nikarukiwa.

Aliyesema neno alikuwa Mwinga, mwenye bucha iliyotazamana na steji. Ni Mduruma wa Kinango, Mkristo, mzito wa mwili na wa maneno. Alikuwa amesimama muda wote mlangoni pake na aproni yake. Sitampamba kwa sifa asizostahili. Alikuwa ametazama mpaka hapo bila kusema kitu. Lakini tairi lilikuwa limewekwa mbele ya bucha yake, na nyama yake ilikuwa imetundikwa.

"Si hapa," alisema. "Na sikilizeni. Kijana anasema ni mchinjaji. Mimi nina mbuzi nyuma, na mchinjaji wangu hajafika. Mchinjaji hajifichi. Mpeni kisu achinje tumwone. Akiweza, mwacheni. Akishindwa, mpelekeni mbele ya mlango wa mtu mwingine."

Watu walilipenda jambo hilo. Lilikuwa jambo la kurekodi. Mbuzi akaletwa, beberu mweupe mwenye doa jeusi shingoni, anavutwa kwa kamba huku akijikaza. Tairi likavuliwa. Wakamsimamisha Hashim kwa kumshika makwapa na kumpa kile kisu kirefu cha baba.

Mkono wa kulia haukuweza kukishika. Vidole vilikuwa vimegeukia kwingine, kiganja kimevimba. Kisu kilianguka. Wakakiokota, wakamshikisha kwa mkono wa kushoto. Hashim akakitazama, akamtazama mbuzi. Alikuwa anahema kwa mlio, kama mtu anayevuta maji kwa mrija. Nilimwombea Mungu akate tu, vyovyote vile, akate tuondoke.

"Siwezi," alisema.

"Hajui," watu wakasema. "Si mnaona? Hajui."

"Naijua kazi," Hashim alisema. "Mkono wa kulia mmeuvunja. Wa kushoto hauna nguvu ya kukata mara moja. Nitamtesa mnyama, na atakuwa nyamafu, haliwi. Siwezi."

Akakiachia kisu. Namna alivyokiachia, kwa kukiinamisha chini ili kisimguse mbuzi, mtu mwenye macho angeona. Nilimwona Salimu ameona. Nondo ilimshuka mkononi kidogo. Lakini yule wa chupa ya petroli alishasogea, na tairi lilishainuliwa tena, na Salimu hakusema kitu, kwa sababu ukishamvunja mtu mkono ni vizuri kwako akiwa mwizi.

Nikakiokota kisu mimi.

"Nitachinja mimi," nilisema. "Tumefundishwa na baba mmoja."

"Mwanamke hachinji," Salimu alisema, na wengi wakaitikia, Waislamu na wasio Waislamu.

Ndivyo ilivyo kwetu. Mwanamke akitaka kumla kuku wake na mume hayupo, husimama mlangoni na kuku mkononi akingoja mwanamume apite, yeyote, hata mgeni asiyemjua jina, amwombe amchinjie. Baba alikuwa akiwacheka. Sheria haikukataza, alikuwa akisema, ni watu waliokataza, na kuku wa nyumbani kwetu niliwachinja mimi nyuma ya nyumba. Mbuzi sikuwahi. Lakini niliwashika wengi mno nisijue kinachofanywa.

"Aya gani iliyokataza?" nilimuuliza Salimu. "Nisomee."

Hakuwa nayo.

"Basi shika miguu."

Sijui kwa nini alinitii. Aliiweka nondo chini, akaja akapiga magoti, akamlaza mbuzi ubavu wa kushoto. Nilimwambia amgeuze kichwa, kibla ni upande wa Likoni, akamgeuza. Kisu nilikificha nyuma ya kanga. Damu ya jino ilikuwa inanichuruzika kidevuni, na moyoni nilikuwa na hasira ya kuwachinja wao, kuanzia huyu aliyeinama mbele yangu, shingo yake wazi. Ilikuwa karibu kuliko ya mbuzi. Nasema kweli yangu, niliitazama sana.

Baba alitukataza kuchinja na hasira. Mnyama huipokea, alisema, akajikaza, na kisu kikateleza. Kwa hiyo ilinibidi ningoje. Umati wote unangoja, tairi liko juu, ndugu yangu anakohoa, nami nimeweka kiganja juu ya shingo ya beberu mpaka pumzi yangu irudi chini. Nilimsikia mbuzi moyo wake unakimbia, kisha ukapunguza. Nikamvuta ngozi ya koo. Nikasema bismillahi, Allahu akbar, nikakata, kwenda na kurudi, sikukiinua kisu. Koromeo, umio, mishipa miwili.

Hakulia. Damu ilitoka kwa nguvu ikamrukia Salimu kifuani, ikapita chini ya pikipiki, ikatiririka mpaka kwenye mtaro. Salimu alimshika miguu mpaka mtikisiko wa mwisho, kama anavyotakiwa mshikaji. Nikakifuta kisu kwa pindo la kanga.

Tairi likawekwa chini polepole na mtu aliyejifanya hakuwa amelishika. Kisha nyuma huko mtu akasema:

"Kumbe ni wachinjaji kweli."

Kumbe ni neno jepesi sana mdomoni. Walilirudia mmoja mmoja, wakipeana. Wengine walirudisha simu mifukoni. Yule wa petroli aliitafutia chupa yake kifuniko. Waliodhani nitawaambia neno waliondoka haraka, lakini wengi hawakuondoka, kwa sababu Mwinga alishamtundika mbuzi mlangoni na kuanza kumchuna, na alikuwa amesema kwa sauti kwamba mbuzi huyu hamuuzi, amekwisha kuwa wa watu wote. Nadhani alitaka waondoke na kitu, wasirudi. Akampigia simu mwanawe alete pikapu ya kutupeleka hospitali. Pikapu ilikuwa njiani, alisema. Watu wakasogea kwenye nyama. Nilimwona yule mwanamke aliyecheka akiomba maini.

Mimi niliketi chini barabarani, nikakiweka kichwa cha Hashim mapajani. Shati la Idi lilikuwa limeloa lote. Kila alipohema povu jekundu lilimtoka puani, nikalifuta, likaja jingine. Macho yalikuwa yamefungwa na uvimbe, akawa anaongea bila kunitazama.

"Ulikata yote?" aliniuliza.

"Yote, mdogo wangu."

"Na mishipa?"

"Miwili yote."

"Hakulia," alisema. "Sikumsikia."

"Hakulia."

"Chef angeona," alisema.

Nilimwambia ataona. Nilimwambia tutakwenda kesho, mkono utafungwa, mimi nitachinja na yeye atanielekeza, na hoteli nzima itatoka kutazama. Nilisema mambo mengi. Nilipoona midomo yake imebadilika rangi niliacha kusema hayo nikamtamkia shahada sikioni, nikairudia, na mara ya pili akanifuatisha nusu yake. Nusu ya pili niliimalizia peke yangu. Nilikuwa na mdogo mmoja tu duniani, na nilimpenda kuliko watoto wangu mwenyewe, Mungu anisamehe. Nilimfunika uso kwa kanga ile ile yenye damu ya mbuzi, kwa sababu sikuwa na nyingine.

Salimu akaja. Alikuwa amenawa mikono na uso, lakini shati lake lilikuwa bado limetapakaa. Alichuchumaa mbele yangu, mbali kidogo. Hakumtazama Hashim. Sidhani kwamba alijua.

"Dada," alisema, "nisamehe."

Nilivuta pindo la kanga juu ya uso wa Hashim. Akakaa. Alikuwa anakwaruza ardhi kwa kidole, kama mtu mwenye shida anayeona haya kuitaja. Nikadhani anataka kulia.

"Kuna jambo watu wananiuliza," alisema. "Nami sijui niwajibu nini, na ni jambo la dini. Ile nyama, kwa kuwa umechinja wewe, na wewe ni mwanamke, ni halali kwetu kuila?"

Nilimtazama usoni nikitafuta kejeli. Haikuwepo. Aliuliza kwa kuogopa, mtu anayemcha Mola wake, asiyetaka kutia haramu tumboni mwake. Kichwa cha ndugu yangu kilikuwa kimekuwa kizito mapajani, na damu yake ilikuwa inapoa juu ya magoti yangu.

"Ni halali," nilimwambia. "Nilimtajia jina la Mungu, na hakuteswa."

"Alhamdulillahi," Salimu alisema. Akainuka, akaniombea kheri, akarudi kuwaambia wenzake kwamba wanaweza kula.